Gari Lililopanga Foleni Mashineni

Nilifundisha hesabu shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo mtu akija kuniuzia kitu huwa simsikilizi maneno, nasubiri namba. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani analijua hilo vizuri. Siku hizi ni baba mwenye kitambi na watoto wanne, anafuata magari Dar es Salaam na kuyauza hapa Ifakara. Asubuhi alipoleta kile kigari cha umeme uani kwangu, kifupi, cha kijani, hakuniambia ni kizuri wala cha kisasa.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Kikijaa chaji kinakwenda kilomita mia na ishirini."

"Marahaba. Kimetumika?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

Akacheka, akanipa ufunguo. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, kwa sababu hata darasani alikuwa akicheka pale ambapo jibu halipo.

Kwa majirani nilikuwa nimetangaza kwamba natafuta gari la kuniwahisha sokoni, kanisani na shambani, maana magoti yangu na bodaboda vilikuwa vimeshagombana. Huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote. Shida yangu kubwa ilikuwa mama.

Mama anaishi Mang'ula, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Hospitali hapa Ifakara walishasema ni kazi fupi, aletwe tu. Sasa kumleta ndiko kulikotushinda. Tangu ujana wake mama hawezi harufu ya petroli. Akipanda gari hutapika mpaka nyongo. Maisha yake yote alisafiri kwa miguu au kwa treni, na treni ina siku zake, daktari wa macho naye ana siku zake, na hizo siku hazikutaka kukutana, na kuja kukaa kwangu siku nyingi akizisubiri alikataa katakata. Miaka miwili nyuma tulimpakia kwenye pikapu. Hatujamaliza hata nyumba za Mang'ula akaomba kushuka, akafuta mdomo kwa kanga, akasema, "Nitakufa sioni, lakini nitafia kwangu." Akarudi nyumbani kwa miguu akipapasa uzio wa watu. Nililia siku ile, na nikiwa mkweli, nililia kwa hasira kuliko huruma.

Kwa hiyo niliposikia habari ya gari lisilotumia petroli, sikufikiria hewa ya dunia. Nilifikiria pua ya mama yangu. Kesho yake ilikuwa siku ya daktari wa macho. Nikamwambia mwanafunzi wangu kwamba kama ni kulijaribu gari, tutalijaribu Mang'ula, siyo kuzunguka mzunguko wa sokoni kama maharusi.

Tulianza kwa fedheha. Nilibonyeza kitufe, taa zikawaka, gari kimya. Majirani zangu ni watu wa bonde hili. Masika wamesukuma magari kwenye tope tangu wakiwa watoto, na wakiona gari limekaa na dereva yumo ndani, hawaulizi. Wanaume watatu waliacha kahawa yao, wakaja nyuma, wakainama, wakaanza kusukuma. Nami wakati huo huo nikakanyaga. Gari likawaponyoka na mmoja akaenda kifudifudi kwenye mchanga. Nilisimama kuomba radhi. Akajipangusa, akasema kwa kujivuna, "Hamna neno mwalimu, limewaka."

Njiani nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kwenda Mang'ula ni kama kilomita hamsini, kurudi hamsini, zinabaki ishirini za akiba. Hesabu ya darasa la tatu. Gari lenyewe lilinifurahisha, sitaki kusema uongo. Halikuwa na gia za kubishana nazo, na kiyoyozi kilinipuliza mpaka nikajiona mke wa waziri. Ubaya wake ni kwamba waendesha baiskeli hawakulisikia. Hapa kwetu baiskeli ni nyingi na kila mtu hutazama nyuma kwa masikio, basi ikabidi nipige honi njia nzima. Tulipofika kwa mama, kioo cha namba kilisema zimebaki kilomita hamsini na saba. Zilipaswa kuwa sabini.

"Ni kiyoyozi," alisema mwanafunzi wangu. "Tukirudi tunakizima."

Mama alitoka na fimbo yake. Nilimwamkia, nikamweleza. Alilizunguka gari polepole akilinusa kama mtu anayenusa maharage ya jana. Alipofika nyuma aliinama, akapapasa chini kwa mkono.

"Bomba la moshi liko wapi?"

"Halina, bibi," mwanafunzi wangu alimjibu.

"Sasa linapumulia wapi?"

"Halipumui, bibi."

Akanusa tena. Mimi nilikuwa nimesimama na moyo mkononi, maana nilijua kwamba akikataa leo, hakuna gari lingine nitakalomletea, na macho yale yatakuwa yamekwenda. Mwishowe akasema, "Haya. Ngoja nijiandae."

Na hapo ndipo mwalimu wa hesabu alipopata sifuri. Katika kilomita zangu zote nilihesabu watu watatu. Sikuhesabu kwamba mama anakwenda kwa mwanawe. Bondeni hapa hakuna mzazi aendaye kwa mtoto wake mikono mitupu, na mimi nimezaliwa hapa hapa, sina la kujitetea. Alijiandaa kwa kuamuru litolewe gunia la mpunga, tena lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaongezewa kichwa cha kamba juu. Likafuata boga, mkungu wa ndizi, na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mama, mchele nanunua dukani," nilisema.

"Wa dukani ni wa watu. Huu ni wako."

Ningemkatalia gunia, angepata sababu ya kubaki. Nilimfahamu. Nikafunga mdomo. Gunia lilikataa kuingia nyuma, likakataa mlango wa kushoto, likakubali wa kulia baada ya vijana wa jirani kulivunja kiuno. Likakaa kiti cha nyuma pamoja na mama, akaliegemea. Mwanafunzi wangu alikaa mbele na kuku mapajani, akiwaomba kwa sauti ya chini wasiharibu viti. Mama alifunga mkanda, akashika limau mkono mmoja la kunusa, na mkono mwingine akashika kindoo chenye mchanga, cha dharura. Tukaondoka.

Sijawahi kuendesha safari ya namna ile. Macho yangu yalikuwa na kazi mbili. Nikitazama kioo cha juu, namwona mama, midomo ameibana, limau puani. Nikitazama mbele yangu, naona namba. Namba ilikuwa inashuka. Hamsini. Arobaini na nne. Kiyoyozi tulikizima, jua likatuoka. Thelathini na nane. Milima ya Udzungwa ilikuwa nyuma yetu na miwa pande zote, na mimi nikawa naomba mambo mawili kwa Mungu kwa mpigo mmoja, jambo ambalo siku zote nimewakataza wengine.

"Hii namba inaendaje?" nilimuuliza mwenzangu taratibu, mama asisikie.

"Mwalimu, betri imechoka kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Safari hii hakucheka. Nilimsema, jamani. Nilimsema kama nilivyomsema alipokuwa darasa la nne na daftari la jirani, na yeye akiwa amekumbatia kuku hakuwa na pa kukimbilia. Katikati ya kumsema nikasikia sauti nyuma.

"Tumefika wapi?"

Nikatazama kioo. Mama alikuwa amekiweka kindoo chini, miguuni. Limau lilikuwa limelala mapajani.

"Tunakaribia Kiberege, mama. Unajisikiaje?"

Alifikiri kwanza. Mama hajibu maswali ya mwili wake haraka haraka. "Nina njaa," alisema.

Nilitaka kusimamisha gari nicheze ngoma barabarani. Lakini namba ilisema kumi na tisa, na kufika Ifakara kulitaka zaidi ya hizo.

Kiberege hakuna mahali pa kuchajia magari. Pana mashine ya kukoboa mpunga, na penye mashine pana umeme. Mwenye mashine, mzee mpole aliyejaa pumba mpaka kwenye nyusi, alitukubalia soketi ya ofisini kwake. Tukachomeka waya. Taa ya gari ikawaka. Kisha akawasha mashine, na taa ya gari ikazimika. Akazima mashine, taa ikawaka. Alirudia mara tatu, kama anayeamini mojawapo itaona aibu.

"Mama," aliniambia, "hapa ni ama mpunga ama gari. Viwili haviendi."

Sasa kwenye mashine zetu, foleni hapangi mtu. Unaweka gunia lako au beseni lako kwenye mstari, unakwenda kukaa kivulini, na ole wake atakayelisogeza. Akina mama zaidi ya kumi walikuwa wameweka mabeseni yao tangu asubuhi. Mmoja wao, mwenye sauti, alikuja akalitazama gari, akautazama waya.

"Na hili nalo linakoboa nini?"

"Linakula umeme tu," nilisema.

"Basi lipange foleni kama wenzake."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tulilisukuma lile gari, mimi na mwanafunzi wangu, mpaka nyuma ya beseni jekundu la mwisho, na nyuma yake tukaweka gunia la mama, maana yeye aliona kwamba kwa kuwa tupo, mpunga ukobolewe. Tukakaa kivulini. Kila beseni likitoka, tunasukuma hatua mbili. Wakulima waliokuwa wakipita walisimama kutazama gari likisogea kwenye foleni ya mpunga, na mwanafunzi wangu, mfanyabiashara mzima, alikuwa amejifunika uso na kofia.

Ingekuwa hivyo tu tungekesha. Lakini mama alianza kuongea. Hakuwa akiwabembeleza, aliongea tu na waliokaa jirani naye, kwamba hili ni gari la kwanza maishani mwake ambalo hakulitapikia, kwamba anapelekwa kutolewa mtoto wa jicho kesho asubuhi, na kwamba amesahau sura ya mchele, anaujua kwa vidole. Yule mwenye sauti akauliza, "Bibi, huoni kabisa?"

"Naona kivuli. Wewe ni kivuli kinene."

Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Kisha yule kivuli kinene akasimama, akaenda kwenye mstari, akaliondoa beseni lake la mbele kwa mikono yake mwenyewe. Wengine wakafuata, bila mkutano. Mwenye mashine akasema naam, injini yake nayo inahitaji kupoa. Tukapata umeme peke yetu kwa saa moja na nusu, na mashine ikakaa kimya, na watu waliokuwa na haki ya kwenda nyumbani wakakaa nasi wakichoma ndizi za mama. Nimefundisha watoto wengi maana ya kugawana. Sidhani kama niliielewa kabla ya siku ile.

Mpunga wetu ulikobolewa mwisho. Pumba ilipobaki kwa mwenye mashine gunia likawa jepesi, na kuku mmoja mama alimpa yule wa beseni, kwa hiyo hesabu zikaanza kunielekea. Tuliingia Ifakara jua likiwa bado lipo, namba ikisema nne. Mama alishuka kwangu akiwa amesimama wima, akapapasa kuta za nyumba niliyoijenga na ambayo hakuwahi kuikanyaga, chumba hadi chumba, akauliza mbona jiko dogo.

Usiku gari lililala limechomekwa kwenye soketi ya sebuleni, asubuhi likampeleka mama hospitali, na jicho la kulia likafanyiwa kazi. Mimi nilikuwa na orodha kamili ya makosa ya lile gari. Betri imechoka, lumbesa haliingii nyuma, umeme wetu hukatika unapoutaka, na fundi wa karibu anayelijua hayupo hata wa kusingizia. Mwanafunzi wangu alikuja hospitali siku ya pili yake kuchukua jibu, nanunua au sinunui, akakaa nami kwenye benchi akijua kabisa namba zimemkataa. Nilikuwa nimeanza kumsomea la kwanza nesi alipotuita ndani. Bandeji ilikuwa inatolewa.

Mama alifumba jicho, akalifumbua, akalifumba tena. Alitazama dirisha. Alitazama vidole vyake, akavigeuza. Kisha akanitazama mimi. Nilimsogelea nikitabasamu, nimejiandaa kushangiliwa. Hakutabasamu. Alininyooshea mkono, akanishika nywele za juu ya sikio, mahali mvi zilipojaa, akazichambua kama alivyokuwa akinitafuta chawa utotoni.

"Mama," aliniambia, "umezeeka lini, na mimi nipo?"

Nilikaa kitandani kwake nikalia, safari hii bila hasira yoyote, na yeye akaendelea kunitazama, upande huu, kisha upande ule, akilipiza miaka yote. Mlangoni mwanafunzi wangu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Nilimwambia akalete karatasi za gari, nitasaini.