Herufi Moja

Mwanafunzi aliyemaliza stashahada ya miaka miwili akitaka kwenda kusoma shahada, barua yake ya utambulisho lazima ipite mikononi mwa karani huyu wa Mji Mkongwe, na mikono hiyo, mashallah, haina haraka. Anaipangusa miwani kwa pindo la kanzu, anaupuliza mhuri kama kahawa ya moto, kisha anatafuta kosa. Kosa halijapata kumkimbia. Thuwaiba wa mtaa wa Ng'ambo alitafutiwa lake likapatikana: cheti cha kuzaliwa kinasema Thuwaiba, cha chuo kinasema Suwaiba. "Th, mwanangu, si s," alisema karani kwa sauti ya maalimu wa chuo cha Kurani, akautoa ulimi baina ya meno ili binti auone. "Herufi moja ni mtu mwengine. Wewe nnakujua. Huyu Suwaiba ni nani?" Akampeleka kwa wakili kula kiapo. Akamrudisha kwa kuwa kiapo hakina picha. Akamrudisha tena kwa kuwa mtandio wa pichani una maua. Kila safari alimsindikiza kwa dua hadi mlangoni, maana ni mtu wa huruma.

Barua ilitoka Ijumaa, siku ya mwisho ya maombi ya chuo kikuu. Ukiikosa, ni mwakani. Jina limeandikwa kwa mkono, mwandiko kama wa kadi ya harusi. Thuwaiba akalisoma palepale.

"Mzee, hapa umeandika Dhuwaiba."

Karani aliitazama barua, akafunga kalamu, akavaa kofia yake ya msikitini.

"Herufi moja tu hiyo, mwanangu. Watakufahamu."