Octave na Mwiko wa Maji

Aliyekutana na Octave mara ya kwanza, jicho lake lilikwenda miguuni. Ilikuwa mikavu, yenye vumbi hadi magotini, na kumbe alizaliwa kando ya maporomoko, katika ukoo unaotega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye nguzo, katikati ya maji yanayonguruma.

Wakati wa uasi, wapiganaji walimchukua kwa nguvu. Mganga wao alimchanja dawa ya kuzuia risasi, akampa mwiko: asikanyage maji ya mto. Vita viliisha, mganga akatoroka, na aliyefunga mwiko ndiye peke yake awezaye kuufungua. Octave akaishia kutengeneza baiskeli mtaani Kabondo, mbali na mto. Wazee wa ukoo walichoka kungoja. Walisema nguzo mpya zikisimamishwa naye hayumo majini, nafasi yake itakwenda kwa binamu yake Dominique.

Ndipo tonton Zéphirin, ndugu wa marehemu mama yake, alipokumbuka mzizi mchungu. Alipokuwa mkata magogo katika jimbo la Équateur, aliishi na watu waliotafuna gome lake ili waonane na wafu wao na kuwauliza jambo lililowashinda walio hai. Alimweleza Florentine, mke wa Octave, masharti yake: mtu afunge kula, atafune kidogo sana, na anayemlinda asionje. Aliwahi kuona mwenye pupa asiyeamka tena.

"Na akipotelea huko?" Florentine aliuliza.

"Utamuimbia. Ile sauti yako mbaya ataisikia hata kwa mababu."

Asubuhi moja mke na mume walikwenda shambani, karibu na msitu wa Masako. Octave alitafuna, akatapika, akalala macho wazi. Florentine aliimba mpaka koo likakauka, kiganja kikiwa juu ya moyo wa mumewe. Jua lilipoanza kuinama, Octave akacheka.

"Nimemuona mama. Nimemuuliza juu ya ile dawa. Anasema, 'Dawa gani? Weye iko muchafu tu.' Akaniosha."

Florentine hakujua kama mwiko hufunguliwa hivyo. Alimshika mkono, wakateremka kijitoni, akatangulia yeye. Octave alisita ukingoni, kisha akaingia.

Dominique aliposikia, alisema kijito si mto. Octave alimjibu aje mwenyewe amshikie kamba atakapoingia mtoni.

Nguzo zinasimamishwa Jumamosi. Kikapu kimekwisha kusukwa, na Florentine ameshaazima sufuria kubwa kwa jirani yake Fatouma, ya kupikia samaki ambao bado wanaogelea.