Uvundo wa Makumbi

Asubuhi hii upepo umeniletea uvundo wa makumbi kutoka pwani, nikatapika kabla hata sijanywa chai. Kefule! Nimerudi kwetu Msuka kupumzika katikati ya dawa za saratani ya titi, na pua yangu siku hizi haina simile. Lakini uvundo ule naujua tangu utotoni.

Bibi yangu alikuwa akiyafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani yaoze miezi, kisha anayafukua na kuyaponda kwa gogo fupi mpaka yatoke usumba wa kusokotea kamba. Maji meusi yalimrukia usoni. Kanga, nywele, hata mkate wa kumimina alionimegea kwa mkono wake, vyote vilinuka. Nilikula nimebana pua, naye anacheka.

Halafu akaota uvimbe kwenye titi. Wakati ule hapa kwetu maradhi hayo hayakutajwa. Alijifunga kanga kifuani akanyamaza. Akawa analala mapema na kuamka hoi, anasinzia na gogo mkononi. Jirani yetu akimpitia kila asubuhi: "Ukijilaza, maradhi hukukalia. Inuka bi mkubwa, wacha deko!" Wanawake wenziwe wanacheka. Bibi anainuka. Aliinuka hivyo hivyo mpaka siku waliyomrudisha kutoka pwani wamembeba, na hakushuka tena pwani mpaka tukamzika.

Juzi daktari kanieleza kwamba uchovu wangu si wa kukosa usingizi. Dawa na hofu huweza kuzivuruga homoni za msongo, zile zinazompa mtu nguvu ya kuamkia. Nilimlilia bibi pale pale kwenye kiti. Deko! Nani alikuwa na deko?

Leo jirani yule yule, sasa anatembelea mkongojo, kaja kunitazama. Kaweka bakuli la uji, kanikagua juu mpaka chini.

"Ukijilaza, maradhi hukukalia. Inuka mwanangu."

Yarabi! Maneno yale yale, mdomo ule ule.

"Bi, bibi yangu ulimwinua," nilimwambia nikiwa chali. "Mimi siinuki."

Aliondoka bila ya kuaga. Upepo ukaingia tena dirishani na uvundo wake, lakini sikubana pua. Kamba siku hizi ni za nailoni, wapondaji wamebaki wachache. Wakiisha hao, hakutakuwa na kitu duniani kinachonuka kama bibi yangu.