Hitima ya Babu Askari

Mama yangu alikuwa Mtatari, Mwislamu wa Urusi ya zamani. Baba alimuoa walipokuwa wakisoma Moscow, akamleta Maskati, na Kiswahili cha Unguja akafunzwa na bibi yangu mzaa baba, mpaka akaweza kututia adabu kwa mafumbo.

Kila Shaabani alimsomea hitima baba yake aliyekufa vitani. Wanawake walijaa sebuleni kwetu Khuwair ya Kusini, juzuu zikagawanywa, udi ukafukizwa. Baada ya dua, kahawa ikizunguka, mama alisimulia habari za divisheni ya baba yake. Tuliijua hadithi ile kama Alhamdu. Askari wa miguu, wengi wao wakulima, walipelekwa magharibi wakiwa na mabuti yasiyowatosha. Wajarumani wakawazingira msituni. Walikula farasi wao, kisha wakachemsha mikanda ya ngozi. Waliopenya walikuwa wachache, na bendera ya divisheni ilizikwa ili adui asiipate. Babu alibaki nyuma na bunduki ya rashasha kuwakinga wenzake, akafa hapo. Bibi alilia kila mwaka kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiitazama halua.

Miaka ya tisini, Urusi ilipokwisha fungua milango yake, dada yake mama alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Alifika asubuhi ya hitima. Tulimvika mtandio, tukamkalisha kwenye zulia, naye akaitikia amina kwa sauti kuliko sote. Kiswahili hakujua hata neno. Mama alipomaliza kusimulia, mama mkubwa alimuuliza kwa Kirusi, lugha ambayo niliielewa vyema ingawa niliisema kiasi cha kuombea chakula na kugombana tu, ni nani tuliyemsomea.

"Baba," mama akajibu.

"Baba yupi?"

"Baba yetu. Tunaye mwengine?"

Mama mkubwa alikitua kikombe chini. "Baba yuko nyumbani kwangu. Nimemwacha na jirani."

Mama alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikimtazama mama mkubwa usoni.

Alieleza akiangalia zulia. Babu hakufa msituni. Alitekwa, na serikali yao ilimhesabu askari aliyetekwa kuwa msaliti. Vita vilipokwisha alitoka kambi ya Wajarumani akaingizwa kambi ya kwao. Alipoachiwa, mama alikuwa msichana anayetaka kusoma Moscow, na mtoto wa msaliti asingepewa nafasi hiyo. Babu mwenyewe ndiye aliyeamua aendelee kuwa maiti. Alihamia mji mwengine, na yeye mama mkubwa akaapishwa asiseme. Kisha mama akaolewa na mgeni, barua zikawa zinafunguliwa njiani, na kiapo kikabaki kiapo.

Mama alimzaba kofi. Mbele ya wageni, dada yake mkubwa! Sijapata kumuona mama akimpiga mtu. Mama mkubwa hakujitetea.

Bibi alikuwa akinivuta nguo nimtafsirie. Nilipomwambia, alishika kichwa. "Yu hai? Na sisi tunamrehemu miaka yote hii! Sasa zile juzuu tulizosoma zimekwenda wapi?" Nami nilikuwa nimekasirika, nikimkasirikia hata yule mzee nisiyemjua, jinsi alivyotuachia tumlilie.

Mama alikwisha kuwa kwenye simu ya ukumbini. Mama mkubwa alimtajia namba ya nyumbani kwake, na mimi nikasimama karibu kiasi cha kusikia mlio wa upande wa pili. Mwanamme akapokea. Mama alitaja jina lake la utotoni, akasema anapiga kutoka Maskati, akasema, "Baba."

Kikajibu kikohozi kirefu.

"Umekosea namba," ile sauti ikasema. "Mtu huyo alikufa vitani." Simu ikakatwa.

"Anakulinda," mama mkubwa alisema huku akilia. "Anadhani serikali bado inasikiliza simu."

Mama alikuwa bado ameikandamiza simu sikioni. Alipotekwa babu, yeye alikuwa mtoto wa kunyonya.

"Kumbe ana kikohozi," akasema, akaanza kubonyeza namba upya.