Kanisa Lililopinda

Elias ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Mwalike chai uone. Atakunja kwanza kipande cha karatasi, akitie chini ya mguu wa meza yako, ndipo akae. Ni mtoto wa katekista wa Bukoba, ameshika randa tangu ana miaka kumi na tano, na katika karakana ya Ras Al Khor, hapa Dubai, ambako tulitengeneza pamoja mapambo ya mahoteli, hakuna seremala anayemkaribia. Mimi ni Nassir wa Tanga, fundi rangi. Nasimulia haya nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja ikaja kazi ya kanisa. Hoteli moja ya Al Garhoud ilitaka kanisa la kijiji cha Uingereza likae bustanini msimu wa Krismasi, na madam aliyesimamia alitaka lifanane na la kwao, alikobatizwa, lenye miaka mia saba. Nusu ya ukubwa wake, la mbao na povu gumu. Akatuma michoro na picha: mnara mnene wa mraba, kibaraza mbele ya mlango, madirisha yaliyochongoka juu, ukumbi wa waumini, na mwisho wake chumba chembamba chenye madhabahu.

Msimamizi wetu, Bwana Himid, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, alimwita Elias mbele yangu.

"Madam akikubali, weye ndiye fundi mkuu. Akikataa, khalas, Jebel Ali wanataka mtu wa ghala. Utakwenda kubeba maboksi."

Elias akaukunjua mchoro mezani. Kumpeleka mtu yule kwenye maboksi ni kumkata mikono.

Sasa njooni kwangu. Mimi nilihudumu mezani hotelini miaka miwili, basi Kiingereza chote cha karakana kililetwa kwangu, nami kwa ujuaji wangu nilikipokea. Pembeni mwa mchoro madam aliandika kwamba chumba cha madhabahu kinalia, tukiache hivyo hivyo. Nikamsomea Elias kwa Kiswahili.

"Kinalia vipi?" akauliza.

Ningesema sijui! Ningepungukiwa na nini? Nikamwambia, "Si sakafu hiyo, ndugu yangu? Mbao za miaka mia saba zitaacha kulia?"

"Na hapa mbona kimepinda?" Kweli, kwenye mchoro kile chumba hakikufuatana na ukumbi. Kilikwenda kushoto, kidogo tu.

"Mchoraji kapitiwa. Nyoosha."

Basi akanyoosha! Wiki mbili nzima, uzi, timazi na pimamaji, mpaka ukisimama mlangoni unaona mstari mmoja kwenda madhabahuni. Sakafu ndiyo ilimtesa. Mtu aliyezoea kuua milio ya mbao leo anautafuta mlio. Analegeza misumari, anakanyaga, analegeza tena, anasonya. "Aibu gani hii, Nassir? Naharibu kazi kwa makusudi." Mimi niko juu ya ngazi napaka mawe ya uongo kwa sifongo, moja moja, na kuvu ya kijani juu yake. Nikamcheka, nikamwambia akaze buti.

Madam alikuja Alhamisi asubuhi, ufunguzi ukiwa Jumamosi. Aliingia, akatazama mbele, uso ukamshuka. Akapiga hatua kuelekea madhabahuni. Kwiii! Akaruka.

"Limenyooka," akasema kwa Kiingereza. "Na sauti hii ni ya nini? Kwetu sakafu ni ya mawe."

Akatueleza taratibu, nami natafsiri huku jasho linanitoka. Chumba cha madhabahu kikienda upande, kwao husema kinalia. Wapo wasemao waashi wa zamani walikosea vipimo tu. Lakini bibi yake alimwambia kwamba ukumbi ni mwili wa Yesu msalabani, na kile chumba ni kichwa chake, kimeinamia begani. Alijifunza kusali akitazama kupinda kule.

Elias aliketi palepale juu ya sakafu yake, nayo ikalia.

"Baba alinipigisha magoti mbele ya msalaba kila siku," akasema. "Kile kichwa nimekiona utoto wangu wote. Halafu nimemnyoosha Yesu shingo kwa pimamaji."

Bwana Himid hakuwa na nafasi ya dini. "Elias! Nani kakwambia unyooshe?"

Elias aliniangalia mara moja, akatazama chini, akanyamaza. Kunyamaza kule kuliniudhi kuliko tusi. Alaa! Nitaje basi, bwana, nipate kubisha! Hakunitaja.

"Mimi," nikasema. "Neno sikulijua, nikajifanya nalijua."

Himid akanigeukia. "Haya. Maboksi yamepata mtu."

Siku mbili Elias alikata na kuunga. Aling'oa sakafu, akakigeuza chumba kushoto, safari hii bila uzi, kwa jicho tu. Jumamosi asubuhi madam alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande uleule, akatia saini. Elias ndiye fundi mkuu sasa, na haki yake.

Mimi nina miezi mitatu Jebel Ali. Mlango wa ghala letu unalia kutwa, unanitia wazimu. Elias hupiga simu kila Ijumaa kuniambia kapatikana fundi rangi mwingine, ila mawe yake yanafanana na viazi. Nacheka, kisha nakata simu na kurudi kwenye maboksi.

Jana Precious, karani wetu, aliniletea karatasi ya Kiingereza akaniuliza neno moja maana yake nini. Nikamwambia sijui. Akaenda kumwuliza mwingine, na hakuna aliyenicheka.