Tundu la Boksi la Mzee Mwinshehe

Mzee Mwinshehe wa Ujiji anaunda boti tangu ujana wake, na ukimwambia jambo haliwezekani umemtafutia kazi. Basi shemeji yake aliposema masikio ya mkewe, Mama Shadia, ndiyo yamekwisha, yaachwe yapumzike, mzee alichukua simu. Alimpigia binti yake Shadia, aliyeolewa Dar, atume spika kubwa na mbao zake zilizokatwa tayari, boksi ataliunganisha mwenyewe nyumbani.

Ilimuuma sana. Mkewe huyo ndiye aliyekuwa akiongoza ngoma katika kila harusi ya mtaa. Sasa redio ikiimba anaitazama tu kama mgeni asiyemfahamu. Mzee aliapa kuwa muziki atausikia tena, hata kama ni kwa mifupa.

Mzigo ulifika kwa treni. Mzee akaumwaga uani, akakaza skrubu, akaziba kila kiungo kwa pamba iliyolowa gundi, vilevile anavyokalafati boti. Kwenye ubao wa mbele, chini ya nafasi ya spika, akakuta tundu jingine la mviringo. Aliwalaani watu wa kiwandani kwa uzembe wao, akachonga kizibo cha mninga, akakigongomea, akapiga msasa mpaka pasijulikane. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na fundi boti asipoziba, watu huzama.

Akawasha. Sauti ikatoka imebanwa, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mama Shadia aliweka kiganja juu ya boksi, akangoja, kisha akatabasamu ili kumfariji mumewe. Tabasamu lile lilimchoma mzee kuliko maneno yote ya shemeji.

Kesho yake alilifunga boksi kwenye bodaboda, akalipeleka hadi Gungu, kwa Nikodemu, fundi redio.

"Shikamoo, mzee. Mbona halina tundu?"

"Marahaba. Lilikuwapo, nimeliziba."

Nikodemu alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu, hapo ndipo linapopumulia. Upepo wote wa spika unatokea hapo. Umelinyonga."

Mzee alinuna njia nzima. Maisha yake yote analipwa kuziba, leo anaambiwa akatoboe. Lakini alipofika nyumbani hata chai hakunywa. Alichukua keekee akakitoboa kizibo chake mwenyewe, kazi safi kuliko zote za boksi lile, na kila ulipodondoka unga wa mninga moyo ulimuuma.

Akawasha tena. Akaushika mkono wa mkewe, akamwekea kiganja mbele ya tundu. Upepo ukampiga, ukaacha, ukampiga. Mama Shadia akatoa macho. Kidole kimoja kikaanza kugonga ubao, halafu vyote, halafu mabega nayo yakafuata. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa kiganja, akakunja uso.

"Baba Shadia," alisema, "huyu mpiga ngoma wako anachelewa."

Mzee alilia pale pale uani, shemeji akimwona, wala hakujificha.