Ufagio Mlangoni kwa Oiva

Kwetu ukikuta ufagio umeegemezwa mlangoni, unageuza. Maana yake wenyewe hawapo. Hupigi hodi, huchungulii dirishani, huzunguki nyuma, hata kama mlango haukufungwa kwa ufunguo, na mara nyingi haukufungwa. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana Oiva alituweza sote.

Oiva Kettunen ni jirani yetu wa upande wa ziwani. Aliendesha greda la kusukuma theluji tangu ana nywele mpaka akabaki na kipara. Huku juu kaskazini jua likishatuaga mwanzoni mwa Desemba, tunaachiwa mwanga kidogo wa buluu saa sita mchana, basi. Kila mtu anakuwa mzito. Mimi nagombana na chochote chenye masikio, na mume wangu Reino analala kama gogo. Oiva yeye alikuwa ananyamaza siku nzima, hali vizuri, haangalii mtu usoni. Lakini kila alfajiri greda lilikuwa linamngoja, na watoto wa shule, na gari la maziwa, kwa hiyo aliamka hivyo hivyo na unyonge wake akaenda kazini.

Aprili wakamstaafisha. Wakampa keki na saa ya ukutani. "Sasa utapumzika, mzee," wakamwambia. Apumzike nini, jamani! Nilimtazama usoni siku ile nikaingiwa na hofu, wala sikuificha, nilimwambia Reino tukiwa njiani kurudi.

Novemba daktari akampa taa kali ya kukaa mbele yake kila asubuhi, badala ya jua. Oiva akaiweka juu ya friji, imo ndani ya boksi lake.

"Nikae naota balbu kama kifaranga?" akaniuliza.

"Ota! Kifaranga angalau anakua."

Akacheka kidogo. Sikumsikia akicheka tena kwa muda mrefu.

Jumamosi moja katikati ya Desemba sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, haikutoa moshi. Oiva hakuwahi kukosa sauna ya Jumamosi, hata akiwa na homa. Jumapili tukamwendea na mkate wa samaki. Kufika getini, tukaona ufagio umekaa mlangoni.

"Ameenda Oulu kwa mwanawe," Reino akasema.

"Bila kuaga?"

"Oiva na kuaga wapi na wapi!"

Tukageuza. Mkate tukaula wenyewe.

Jumanne mchana simu ikalia. Alikuwa Jouko, huyo mwanawe wa Oulu. "Shangazi Aune, hebu mwambie baba ashike simu yake. Napiga, napiga, wala hapokei."

"Kwani hayuko kwako?"

"Kwangu? Hapana."

"Ngoja, nitakupigia," nikasema, na nikakata kabla hajaniuliza kitu.

Nikamwita Reino, tukaenda kwa Oiva. Nje baridi ilikuwa ya kukata pua. Tangu Jumamosi theluji haikuanguka hata chembe. Nyayo zetu za Jumapili zilikuwa bado zinaonekana, zimeishia getini kwa adabu zote. Bomba la moshi kavu, madirisha meusi. Reino akafika kwenye ngazi akasimama.

"Aune. Ufagio."

"Nimeuona."

"Nyumba ya mtu haiingiwi hivyo."

"Akiwa amekufa humo ndani, atatusifu kwa adabu yetu?"

Mguu hakuunyanyua. Na mimi msinione shujaa. Mkono wangu nao ulikataa kugusa ule ufagio, mimi mtu mzima niliyezaliwa kijiji hiki hiki. Nikamulika tochi chini, na hapo ndipo nikaona nyayo za mtu mmoja. Zilitoka pale ufagio ulipo, zikazunguka ukuta wa nyumba, zikaishia kwenye mlango wa nyuma, wa banda la kuni. Kurudi hazikurudi.

Aliuweka ufagio kwa nje, kisha akaingia kwa nyuma.

Nikakimbia. Banda la kuni, kisha jikoni. Mle ndani pumzi yangu ilikuwa inatoa mvuke. Oiva alikuwa amekaa mezani gizani, amevaa koti na kofia ya manyoya, mikono juu ya meza.

"Oiva!"

Nikamshika shavu. Lilikuwa baridi, na nikajua tumechelewa. Halafu jicho lake likasogea.

"Hukuona ufagio?" akasema polepole.

Nikalia na kumtukana kwa pamoja. "Nimeuona, mshenzi wee! Ulitaka tukukute umekauka?"

"Sijui." Akatazama mikono yake. "Nilitaka pasiwe na mtu wa kuniuliza hali. Nimechoka kujibu nzuri, Aune."

Reino alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiko, anawasha kuni. Kesho yake tukampeleka kwa daktari, akapewa dawa, na muuguzi akawa anakuja. Taa nikaishusha mwenyewe kutoka juu ya friji. Na ufagio nikauchukua.

"Weka ufagio wangu," Oiva akasema.

"Ukiutaka uje kwangu kuudai. Mchana, wakati wa mwanga."

Akaja, tena amekasirika. "Nipe ufagio wangu."

"Kaa unywe kahawa kwanza."

"Sikufuata kahawa."

Akainywa. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata. Kuna siku alikaa hakutamka neno, na kuna siku alichelewa nikatoka na aproni yangu, nikamkuta katikati ya njia. "Nakuja, nakuja!" akafoka. "We mwanamke huna subira!"

Januari jua lilipochungulia juu ya kilima, nikampa ufagio wake. Akaukagua mpini, kana kwamba ningeuchakaza.

"Theluji ya msimu ujao ikianza kukaa, nitakuletea," akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kabla sijaona uzito wa kuja."

Theluji imeanza kukaa wiki hii. Tangu asubuhi nilisimama dirishani. "Utalitoboa hilo pazia," Reino akasema. Giza likaanza kuingia, njia nyeupe, haina mtu. Nikavaa kiatu kimoja. Nilikuwa nimeinamia cha pili niliposikia vishindo barazani.

Oiva aliingia na ufagio begani, akatazama mguu wangu wenye kiatu. Nikaupokea ufagio nikauweka nyuma ya jiko.

"Hali yako, jirani?" Reino akamwuliza, kwa mazoea tu. Nikamfinya.

Oiva akavua kofia yake, akaketi.

"Mbaya," akasema. "Kahawa ipo?"